Kona ya Chiriku

Barabara ya kupanda mlimani inaanzia kwenye kituo cha mafuta, mahali mji unapokwisha na bonde linapoanza kujikunja. Wageni hupenda kupigwa picha hapo kwanza, kwa sababu ukisimama karibu na pampu ya mwisho unaiona barabara yote juu yako, imejizungusha ubavuni mwa mlima kama uzi uliodondoka na hakuna aliyeinama kuuokota.

Dereva aliyekuwa akiwapandisha aliitwa Redio. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye leseni tu. Alianza kusema kabla hajawasha gari na alinyamaza akilala, na mkewe alikuwa akisema kwamba hata huko usingizini hakumwamini sana.

Alikuwa na basi dogo lenye madirisha mapana, na aliliendesha vizuri. Hilo hata wasiompenda walikiri. Kwenye miteremko madereva wengine walikanyaga breki mpaka zikanuka, lakini yeye aliacha gia nzito ishike gari, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili ukionyesha huku na huku. Pale palikuwa na kiwanda cha mbao, kiliungua na mbao zake zote na mlinzi akiwa amelala ndani. Lile daraja la chuma lililetwa vipande vipande mabegani mwa watu, na kipande cha mwisho kilipofika waliokibeba cha kwanza walikuwa wameshazikwa. Kile kijia cha mbuzi ndicho kilichokuwa barabara zamani. Mgonjwa alibebwa kwenye machela kutwa nzima kushuka hospitali, na mara nyingi alifika ameshapoa. Wageni walicheka, wakashtuka, wakacheka tena. Gari lilipoanza kupinda kona za juu aliwaambia washike roho zao mikononi, mizigo ameshaifunga yeye.

Safari yote hiyo ilikuwa ni kuelekea mahali pamoja. Karibu na kilele kuna kona ambayo upande mmoja ni ukuta wa jiwe jeusi na upande wa pili ni hewa tupu, bonde zima likiwa chini ya miguu yako, mto umekuwa mwembamba kama mshipa wa mkononi. Kona hiyo inaitwa Kona ya Chiriku. Juu yake kidogo, mahali mlima unapoacha kiwanja, kulikuwa na nyumba ya mawe yenye paa la bati na benchi mlangoni. Ndiyo nyumba alimozaliwa Redio, na ndimo alimoishi na mkewe na baba yake.

Baba yake alikuwa fundi baruti, na watu walimwita hivyo hivyo, Mzee Baruti. Zamani, serikali ilipoamua kuupasua mlima, yeye ndiye aliyekuwa akitoboa jiwe, kujaza baruti na kuwasha utambi. Msaidizi wake alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, kijana mwenye maneno mengi kiasi kwamba wenzao walimpa jina la ndege asiyenyamaza. Siku moja walipokuwa kwenye kona ile mlipuko ulishusha ukuta mzima wa mlima, na Chiriku alikuwa chini yake. Hawakumfukua. Msimamizi alisema jiwe lile likiguswa litavuta mengine, kwa hiyo walilisawazisha juu, wakamwaga kokoto, wakashindilia. Barabara ilipita juu yake. Kila gari linalokwenda kilele, mpaka leo, linampita mgongoni.

Kazi ilipokwisha wenzake walitawanyika. Mzee Baruti hakuondoka. Aliomba kazi ya kutunza kipande kile cha barabara, kuzibua mifereji na kuondoa mawe yaliyoporomoka, akajenga nyumba yake juu ya kona, akaoa hapo, akazaa hapo, akafiwa na mke hapo. Mwanawe alipoanza kusema mapema na kukataa kunyamaza, mzee alisema damu haipotei, mtoto amemrudisha baba yake mdogo.

Redio alipoanza kuleta wageni, mzee aliwahadithia mwenyewe. Alisimama wima mbele ya benchi, mikono nyuma, akaeleza kwa maneno machache: jiwe lilivyotobolewa, nani alifanya nini, nani alikufa. Hakulia. Mwanawe alipojaribu kuongeza chumvi, akisema walizikwa watu mia, mzee alimkatiza mbele ya wageni. "Waliokufa wanatosha," alimwambia. "Usiniongezee maiti." Wageni walipenda hilo pia, na Redio alitabasamu.

Kisha mzee alianza kusahau. Kwanza yalikuwa ni mambo madogo, miwani, fimbo, kama amekunywa chai au bado. Baadaye alianza kumwuliza mkamwana wake yeye ni binti wa nani. Huyo mkamwana alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani, na kutokana na kazi hiyo ya kukaa nyumbani ndiye aliyemlea mzee: alimkata kucha, alimchemshia maji ya kuoga, alimfunga vifungo vya shati. Alimjibu kila mara kwamba yeye ni mke wa mwanawe, na mzee alifurahi kila mara, kama mtu anayeletewa habari ya harusi.

Siku moja basi lilikuwa limesimama na wageni wamejipanga ukingoni. Mzee alikuwa benchini. Alitazama jua, akatazama barabara, akamwuliza mwanawe kwa sauti ya mtu mwenye kazi ya kufanya: "Chiriku yuko wapi? Mbona hajapanda?"

Redio alijibu bila kufikiri, jinsi mtu anavyojibu ukimwuliza saa. "Chiriku alikufa, baba. Jiwe lilimwangukia hapo chini."

Hapo mzee alizisikia habari hizo kwa mara ya kwanza. Ndivyo ilivyokuwa kwake. Mdomo ulifunguka, na sauti ilichelewa kuja. Ilipokuja haikuwa ya mzee, ilikuwa ya kijana aliyepigwa tumboni. Alishika kichwa. Alimwita mdogo wake kwa jina, kisha akamwita mama yake, ambaye yeye pia alishakufa miaka mingi iliyopita. Machozi yalimshuka mpaka kifuani. Mkamwana aliacha cherehani, akatoka mbio, akampakata kichwa.

Wageni walisimama kama waliomwagiwa maji. Mama mmoja alianza kulia naye. Mwanamume mwenye kofia aliivua. Ndani ya gari, walipokuwa wakishuka, Redio, kwa mara ya kwanza tangu awe dereva, hakuwajaza maneno. Aliwatazama kwenye kioo. Waliposhuka kituo cha mafuta walimshika mkono mmoja mmoja, na yule aliyevua kofia alisema amezunguka kwingi lakini hajawahi kuguswa vile.

Safari iliyofuata Redio alisubiri kuona kama mzee atauliza. Hakuuliza. Alikuwa anatazama mbuzi upande wa pili wa bonde, ametulia. Basi Redio alikaa benchini karibu naye, akamwekea mkono begani, akamwambia taratibu: "Baba, nina habari mbaya. Ni Chiriku."

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya safari. Asubuhi kundi moja, alasiri kundi jingine, na kila kundi lilimwona mtu akifiwa mbele ya macho yake. Meneja wa hoteli kubwa ya bondeni, aliyekuwa akigawa wageni wake kwa madereva mbalimbali, sasa aliwapeleka wote kwa Redio.

Tusimsingizie, hakumpiga baba yake wala hakumtukana. Alimchana nywele kabla ya wageni kufika. Alimvalisha koti lake la zamani la kazi, akampangusa viatu. Baada ya kilio alimfuta machozi kwa kitambaa safi na kumwinua polepole, na wageni walinong'ona kwamba kijana yule ana moyo.

Mkewe alimwambia aache. Alimwambia kwanza kwa upole, wakiwa jikoni, kisha kwa ukali. Redio hakukasirika. Alimweleza jinsi mtu anavyomweleza mtoto hesabu: mzee analia, ndiyo, lakini chai haijapoa ameshasahau. Hajui kwamba alilia jana. Hajui kwamba atalia kesho.

"Maumivu ambayo mwenyewe hayakumbuki ni ya nani?" alimwuliza. "Nitajie mwenyewe wake, nikamwombe radhi."

 Mkewe alikuwa mtu wa sindano. Maneno yalikuwa mali ya mumewe. Lakini alikuwa na macho, na macho yake yaliona. Mzee alianza kuacha chakula. Mikono yake, iliyowahi kushika utambi unaowaka bila kutikisika, ilianza kutetemeka mpaka kikombe kikagonga meno. Na alianza kuiogopa honi. Redio alikuwa akipiga honi kwenye kona ya chini, kama inavyopaswa, kuwaonya wanaoteremka. Mzee akiisikia aliinuka popote alipokuwa, akaenda kujificha kwenye stoo, nyuma ya magunia ya makaa. Mkamwana alimkuta humo akiwa amejikunyata, masizi usoni, akamwuliza anamkimbia nani.

"Sijui, mwanangu," alisema mzee. "Ni moyo tu."

Redio alimfuata humo humo, akamsafisha uso, akamtoa kwa mkono. "Twende, baba. Wageni wako wamefika." Na mzee, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkosea adabu mgeni, alitoka.

Wageni walipokwisha kuondoka mkamwana alikuwa na dawa yake mwenyewe. Mzee akiuliza Chiriku yuko wapi, alimwambia ameshuka mjini kunoa patasi. Mzee aliridhika. Alisema kijana yule ukimtuma patasi atarudi na hadithi ya kila aliyemwona njiani, kwa hiyo wasimsubiri na chakula. Alicheka peke yake. Hizo ndizo saa alizokula.

Siku moja mwanamke huyo aliamua. Wageni walipojipanga na Redio alipokwenda kumtoa mzee stoo, alisimama mlangoni mbele yao, mikono ikiwa bado na nyuzi, akawaambia. Aliwaambia kwamba mzee hakumbuki kitu, kwamba mdogo wake alikufa zamani, kwamba anaambiwa upya kila siku ili wao waone. Aliwaomba warudi garini.

 Wawili watatu walitazama chini. Mwanamume mmoja wa makamo alielekea kwenye gari kweli, akaketi, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Waliobaki walitazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake awe wa kwanza kuona haya. Kisha mzee alitokea mlangoni na koti lake, ameshikwa kiwiko, na macho yote yakageuka. Redio alimkalisha, akamwambia. Mzee alipomaliza kulia, bwana mmoja kijana alimfuata Redio pembeni na kumwomba kwa adabu sana kama ingewezekana mara moja tena, kwa sababu simu yake ilikuwa imezima.

Wakiteremka Redio aliwaambia wageni kwamba mkewe ana matatizo kidogo ya akili tangu alipopoteza mimba, na kwamba anawaomba radhi kwa niaba yake. Mimba ilipotea kweli. Habari hiyo ilifika hotelini, ikafika sokoni, na mshonaji aliposhuka kununua vitambaa watu walimsalimu kwa sauti ya chini na kumpisha njia.

Kisha ulitokea mgeuko ambao hakuna aliyeutazamia. Redio alikaa benchini kama kawaida, akaweka mkono begani, akasema Chiriku amekufa. Mzee alimgeukia. Alimtazama sana, paji la uso, taya, mdomo usiotulia. Akatabasamu.

"Acha utani," alisema. "Wewe huyu hapa."

Alimshika mashavu kwa mikono miwili, akacheka mpaka akakohoa. Alimwuliza alikuwa wapi muda wote huo. Alimwambia amekonda. Mkamwana alitazama kupitia dirishani, akafikiri Mungu amemhurumia mzee wake hatimaye. Na kwa siku chache ilikuwa hivyo: mzee hakujificha tena, honi ikilia alitoka mwenyewe kumlaki mdogo wake, akala, akalala mchana mdomo wazi kama mtoto.

Wageni walitabasamu, wakapiga makofi. Lakini walikuwa wameelezwa habari za mzee anayelia, na mzee anayecheka wanaye kwao. Meneja wa hoteli alimpigia Redio simu. Alisema wageni wanalalamika kwamba walichokiona sicho walichosimuliwa, na kwamba kuna dereva mwingine mwenye gari jipya.

Redio alijaribu kumsahihisha baba yake. Alimwambia mbele ya wageni yeye ni mwanawe, Chiriku yuko chini ya barabara. Mzee alisikiliza, na furaha ikaanza kumtoka usoni kidogo kidogo. Hakuamini kwamba huyu si Chiriku. Aliamini kwamba Chiriku hamtaki.

"Umenikasirikia, mdogo wangu," alisema. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kumwuliza mtu tangu mlima upasuke. "Nilikuita utoke kabla ya kuwasha. Ulinisikia?"

Redio hakujua habari hiyo. Hakuna aliyeijua. Katika hadithi zote mzee alizowahi kusimulia, wima, mikono nyuma, hakuwahi kusema nani aliita na nani aliitika. Redio aliona wageni wamesogea. Aliona simu zimeinuliwa. Alikuwa mtu wa maneno, na maneno yalikuja.

"Sikusikia," alisema. "Uliwasha kabla sijatoka."

Mzee aliteleza benchini, akapiga magoti kwenye kokoto. Alishika miguu ya mwanawe. Alisema msimamizi alikuwa akimharakisha, alisema aliita, wallahi aliita, ila upepo ulikuwa mkali na yeye hakungoja jibu. Aliomba asamehewe. Aliomba kwa lugha ya utotoni, akitaja vitu ambavyo ndugu wawili walikuwa wakigawana, asali, blanketi, zamu ya kuchunga.

Neno moja lingetosha. Redio alikuwa nalo, kama alivyokuwa na maneno mengine yote. Lakini nyuma yake mama mmoja alikuwa akilia kwa kwikwi, na kesho kulikuwa na makundi mawili.

"Bado, kaka," alisema. "Sijakusamehe bado."

Ndivyo ilivyokuwa tangu hapo. Mzee alimngoja benchini, alipiga magoti, aliomba, na Redio alisema bado. Wengine walidhani ni igizo na wakasifu mzee anavyoigiza. Wengine walijua si igizo na wakaja mara ya pili na jamaa zao.

Hapo ndipo hesabu ya Redio ilipoharibika. Mzee alikuwa akisahau kila kitu, jina la mkewe, njia ya kwenda chooni, kazi ya kijiko. Hili halikumtoka. Wageni walipoondoka lilibaki. Alikaa akitazama barabara, hakula, kwa sababu, alimweleza mkamwana wake kwa utulivu, mtu hawezi kula mdogo wake akiwa na kinyongo naye. Mkamwana alimwambia Chiriku amesamehe, amemtuma yeye aje kusema. Mzee alitikisa kichwa.

"Aseme mwenyewe," alisema. "Mdomo anao."

Mwanamke alikwenda kwa mumewe. Alimkuta nyuma ya nyumba akiosha gari. Alipiga magoti kwenye maji ya sabuni, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku ya kuolewa. Alimwambia baba anakufa kwa njaa na funguo ziko mdomoni mwake yeye. Amwambie leo, mara moja tu, wakiwa wenyewe, kisha amtendee yeye mkewe atakavyo.

Redio alimwinua. Alionekana kuguswa, na huenda aliguswa. Alimweleza kwamba msimu unakaribia kwisha, mvua zikianza wageni hawapandi, na siku hiyo atamwambia baba kila anachotaka kusikia. Atamwambia kwa raha, wakiwa wawili. Akiambiwa sasa itakuwa nini? Atafurahi siku moja, kisha hoteli itampa wageni yule mwenye gari jipya. Mzee wake ni mgumu, alisema, amevunja mlima. Hawezi kushindwa na wiki kadhaa.

Mwanamke aliokota ndoo, akarudi ndani.

Mzee aliacha kuinuka kabla mvua hazijaanza. Redio alilisogeza benchi mpaka dirishani, wageni wakamwona kupitia hapo akiwa kitandani. Siku mbili walimwona hivyo. Siku ya tatu, asubuhi, pumzi ya mzee ilibadilika, ikawa ya kukwaruza na yenye vituo virefu. Mkamwana alitoka mpaka barabarani, akasimama katikati ya kona, juu ya yule aliyelala chini, na basi lilipotokea hakusogea. Redio alikanyaga breki kwa nguvu, wageni wakagonga viti. Mwanamke alifungua mlango wa dereva, akamshika ukosi.

"Sasa," alisema.

Redio alitazama uso wake na akashuka. Aliingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa baba yake uliokuwa mwepesi kama jani la muhindi lililokauka. Mlangoni wageni walikuwa wameshajikusanya, kwa kuwa hakuna aliyewaambia wabaki garini. Redio aliinama na kusema kwa sauti iliyomtoka moyoni kweli, pengine mara ya kwanza katika mwaka mzima:

"Kaka, nimekusamehe. Unasikia? Mimi Chiriku. Nimekusamehe."

Mzee alifumbua macho. Yalikuwa safi, hayakuwa na ule ukungu. Huwatokea wengine wakifika mwisho; akili hurudi kuaga. Alimtazama yule aliyemshika mkono, akamtambua, akamwita kwa jina lile la kwenye leseni.

"Wewe ni mwanangu," alisema. "Utanisamehe nini wewe? Umekosewa na nani?" Alitazama nyuma ya mwanawe, akapitia nyuso za wageni moja moja, akitafuta. "Chiriku hajaja?"

 Redio, mtu wa maneno, alifungua mdomo na mdomo ukabaki hivyo. Mzee alisubiri kidogo. Kisha aligeuza uso ukutani, na alivuta pumzi mara chache zaidi, na hakuvuta tena.

Walimzika kiwanjani juu ya kona. Redio alilia sana, na hakuna ajuaye alimlilia nani. Mvua zilianza, barabara ikafungwa kwa maporomoko. Mkewe alimaliza matanga, akafunga cherehani yake kwenye shuka, akashuka kwa kijia cha mbuzi akiwa ameibeba kichwani. Hakuaga. Redio alimtazama kutoka mlangoni akipotea na kutokea kwenye mikunjo ya mlima, na hakumwita.

Mshonaji alipata kazi mji mwingine ng'ambo ya milima, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kushona mashuka yaliyochanika na makanzu ya wagonjwa. Walikuwa wanawake kadhaa kwenye meza moja ndefu. Hawakumjua zaidi ya kwamba ni mpole na hapendi hadithi. Ukapita msimu wa mvua, na ukapita mwingine.

Siku moja mwenzake wa kiti cha pili alirudi kutoka likizo akiwa na maneno tele. Mwanawe aliyepata kazi nzuri alimtembeza kwenye lile bonde linalosifiwa. Alieleza daraja la chuma, kiwanda kilichoungua, kona zinazokutoa roho. Na huko juu, alisema, kuna mzee aliyeua ndugu yake kwa baruti bila kukusudia. Anapiga magoti pale pale barabarani, anamwomba marehemu msamaha, na dereva anamjibu kwa niaba ya marehemu. Hakuna aliyebaki na jicho kavu. Dereva alikuwa na magari matatu sasa, lakini gari la mbele analiendesha mwenyewe.

Mshonaji alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Aliuliza mzee huyo yukoje.

Ni mnene mnene, mwenzake alisema, mwenye jino la dhahabu, na sauti yake inafika mpaka ng'ambo ya bonde. Baada ya kulia hupewa maji, akapiga picha na watu. Kilichomgusa yeye zaidi alikuwa ni yule dereva. Alikuwa amemwuliza huyu mzee ni nani wake, na yule kijana alimfuta mzee machozi kwa kitambaa, akasema, ni baba yangu.

"Kuna watoto wenye mapenzi na wazazi wao," alisema mwenzake. "Ukipata nafasi uende, dada. Utalia."

"Nilishakwenda," alisema mshonaji, akavuta shuka jingine kutoka kwenye rundo na kutafuta palipochanika.